Kichaka cha miiba kwenye bustani ndogo

Ndugu, umeuliza kama kichaka cha miiba kinafaa bustani ndogo, na kama ni lazima kukipogoa kila mara. Kinafaa mno! Ndege wadogo hujenga katikati kabisa, pale matawi yanaposongamana, maana paka hapenyi na mwewe hupata taabu kupitisha mbawa. Ukikikatakata ovyo unaondoa maua. Nyuki hawaji, na matunda ya ndege ndiyo yamekwenda. Subiri makinda yaruke, kisha pogoa upande mmoja tu kwa mwaka. Tafuta mche wa asili ya eneo lako, wadudu wa hapo wameuzoea. Usiupande karibu na njia wanapochezea watoto. Majani makavu chini yake tafadhali usiyafagie, mijusi na vyura hujificha humo.