Kabla Hujaingia Korongoni: Ushauri kwa Wanaoanza

Kila mwaka nawapokea vijana wanaotaka kujifunza kazi ya kuongoza wageni katika korongo la Ngare Sero, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa karibu na Ziwa Natron, na pamoja nao huja watu wa mijini ambao nia yao ni kutembea, kuogelea na kurudi nyumbani salama. Makundi haya mawili hufanana kwa jambo moja. Wote huingia wakitazama mbele, kule yaliko maporomoko, na juu, kule kwenye utepe mwembamba wa anga kati ya magenge. Wakiona anga ni ya buluu, hujihesabu salama. Ninayoyaandika hapa yanatokana na miaka ya kuwafundisha watu kuelekeza jicho na sikio mahali pengine, yaani kule yanakotoka maji.

Korongo ni mfereji uliochongwa na maji, na maji yaliyouchonga hayajaacha kazi yake. Mto wa Ngare Sero unateremka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro hadi kwenye uwanda wa Natron, ambao ni mkavu na wenye joto kali. Mvua inaweza kunyesha huko juu kwa saa nzima bila tone moja kukugusa wewe uliye chini, na mwamba haunywi maji kama unavyofanya udongo wa shamba. Kila kinachoteremka hukusanyika, kikabanwa kati ya kuta mbili, kikapanda kwenda juu kwa sababu hakina nafasi ya kutanuka. Ndiyo maana mto uliokufika kwenye kifundo cha mguu wakati wa kwenda unaweza kukufika kifuani wakati wa kurudi.

Nchini Kenya, katika hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha, kuna korongo la Ol Njorowa ambalo kwa muda mrefu limependwa na watembeaji. Mwezi Aprili 2012 maji ya ghafla yaliwaua humo vijana saba waliokuwa katika matembezi ya kanisa, na mwanzoni mwa Septemba 2019 watu wengine saba walifariki katika korongo hilo hilo. Naomba muutafakari mwezi huo wa Septemba. Aprili ni masika na kila mtu anajua, lakini Septemba si mwezi ambao watu wengi wangeuita wa mvua. Kalenda inasaidia kupanga safari, lakini haitoshi kukupa ruhusa ya kuingia asubuhi ile unapoufikia mlango wa korongo.

Somo hili nilifundishwa na mzee mmoja wa Kimaasai katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi. Tulikuwa tumetembea kama nusu saa, maji yakiwa chini ya magoti, aliposimama mahali kuta zilipokaribiana na kuinua fimbo yake juu ya kichwa changu. Ncha ya fimbo iligusa ufa kwenye mwamba. Ndani ya ufa huo kulikuwa na fundo la nyasi kavu, vijiti vilivyosukwa kama kiota, na kipande cha katambuga, ile ndala ya tairi, na misumari yake ikiwa bado imeshika ukanda. Aliniuliza, “Mwanangu, nani aliiweka pale?” Nikamjibu, “Mzee, ni maji.” Hakuongeza neno, akaendelea kutembea. Tangu siku hiyo siingizi kundi korongoni kabla sijatafuta alama hizo na kuwaonyesha wote, kwa sababu nyasi zilizonasa juu ya kichwa chako zinaeleza kimo cha mafuriko vizuri kuliko maelezo yangu yoyote.

Pamoja na hayo, nilikosea. Miaka michache baadaye nilikuwa na wageni wanne waliokuwa na siku moja tu, na mchungaji aliyekuwa akinywesha mbuzi mdomoni mwa korongo akaniambia kwamba mawingu ya usiku uliopita yalikuwa yamekaa vibaya kule juu. Nilimshukuru, lakini nikaingia. Tulipokuwa karibu na maporomoko niliona maji yakibadilika rangi, kutoka kung'aa hadi kufanana na chai ya maziwa, na povu lililobeba majani makavu likipita kwenye vifundo vyetu. Kimo kilikuwa bado hakijabadilika hata kidogo. Tulipanda kwenye kibao cha mwamba nilichokuwa nimekiona tukienda, na kabla ya dakika kumi kupita, njia tuliyoijia ilikuwa imefunikwa. Tulikaa pale zaidi ya saa mbili, tumeshikana mikono, hatusikilizani kwa kelele za mawe yanayogongana chini ya maji. Sote tulitoka wazima. Kosa lilikuwa langu, na lilianzia pale nilipomshukuru yule mchungaji huku nimekwisha kuamua.

Kwa hiyo, jifunzeni kuuliza kabla ya kuamua. Waulizeni wachungaji na kina mama wanaochota maji kama jana mto ulikuwa na rangi gani, na kama kuna ndugu yao kule juu anayepatikana kwa simu, mpigieni. Ingieni asubuhi na mapema, mkikusudia kuwa nje kabla ya adhuhuri, kwa kuwa mvua za milimani mara nyingi hujikusanya mchana. Mkiwa ndani, kila baada ya mwendo mfupi chagueni mahali pa kupanda juu ya alama za mafuriko, na kila mmoja wenu apaonyeshe kwa kidole. Rangi ikibadilika, vijiti na majani vikianza kuteremka, au mkisikia mngurumo ambao haukuwapo, pandeni mara hiyo hiyo. Msianze kukimbizana na maji kuelekea mdomo wa korongo, kwa sababu mtachoka kabla yao.

Kuhusu kutembea kwenyewe sina mengi. Vaeni viatu vinavyofunga mguu na vyenye soli ya kushika, si ndala, na mkubali kwamba vitalowa. Mawe yenye utando wa kijani yaogopeni kuliko yale marefu, kwa kuwa vifundo vingi nilivyovifunga bendeji viliteguka kwenye jiwe ambalo mtoto angelivuka. Mnapovuka mkondo, elekezeni uso kule yanakotoka maji, shikeni fimbo kama mguu wa tatu, sogezeni mguu mmoja kwa wakati, na fungueni mkanda wa kiunoni wa mkoba ili uweze kuuvua ukianguka. Kumbukeni kwamba kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, nguvu yake ya kusukuma huongezeka mara nne, hivyo mkondo uliouvuka jana kwa urahisi si lazima uwe ule ule leo. Ukizolewa, lala chali, miguu ikitangulia kule maji yanakokwenda, na usijaribu kusimama mpaka ufike penye maji madogo, kwa sababu mguu ukinasa kati ya mawe mkondo utakuinamisha na kukuzamisha. Beba maji ya kunywa ya kutosha, walau lita tatu. Joto la Natron humlegeza mtu hata akiwa amelowa mwili mzima.

Kuogelea ndiko kunakowavuta wengi, na ndiko ninakosisitiza zaidi. Bwawa lililo chini ya maporomoko huonekana kama limeandaliwa kwa ajili ya mgeni, lakini lina mambo matatu ambayo jicho haliyaoni. Kwanza ni kina. Maji maangavu hulipunguza bwawa machoni, hata bwawa la mita 2 likaonekana kama la mita 1.5, na mtu asiyejua kuogelea huingia akidhani atasimama. Pili ni lile povu jeupe chini ya maji yanayoanguka. Povu hilo limejaa hewa, na maji yaliyojaa hewa hayambebi mtu vizuri, na papo hapo mkondo wa chini unaweza kumrudisha kwenye maporomoko kila anapojaribu kutoka. Kaeni pembeni, mahali maji yametulia, na acheni umbali kati yenu na povu. Tatu ni mawe. Mafuriko huhamisha majabali ambayo watu kumi hawawezi kuyasogeza, na nimewahi kukuta jiwe kubwa katikati ya bwawa ambalo mwezi mmoja kabla lilikuwa wazi. Asijirushe mtu yeyote mahali ambapo hapajapimwa kwa miguu na fimbo siku hiyo hiyo, na asijirushe kwa kichwa kamwe. Picha iliyopigwa mwaka jana haina habari za leo.

Kabla ya kuingia majini, muulize kila mmoja faraghani kama anajua kuogelea. Ukiuliza mbele ya wenzake, wengi watasema wanajua. Asiyejua avae jaketi la kuelea au abaki kwenye maji ya magotini, na hilo lisimtie aibu, kwa sababu watu wengi waliokulia mbali na bahari na maziwa hawakupata pa kujifunzia. Awepo daima mtu mmoja aliyekaa ukingoni na kamba mkononi, asiye na kazi nyingine, asiyepiga picha. Mtu akianza kuzama, mrushieni kamba au mnyoosheeni fimbo. Anayeruka majini kumkumbatia anayezama mara nyingi huzama naye. Na mahali pengine, hasa chini kwenye mito mipana iliyotulia, msiingie hata kidogo kabla wenyeji hawajawaambia habari za mamba na viboko.

Jambo jingine ambalo wageni husahau ni kwamba mto huu ni kisima cha watu. Jina lenyewe linasema, kwani neno *engare* kwa Kimaasai ni maji. Chini ya bwawa mnaloogelea kuna mama anayejaza dumu na kuna ng'ombe wanaosubiri zamu yao. Msioge kwa sabuni, msijisaidie karibu na mkondo, msiache hata ganda la ndizi, na vaeni mavazi ya heshima mnapopita kijijini. Ada wanayotoza wenyeji lipeni bila manung'uniko. Ujuzi ambao ungeliepusha kundi langu na hatari siku ile ulikuwa wa yule mchungaji, ingawa sikuusikiliza.

Mkitoka, hesabuni watu, kisha mpigieni yule mliyemwachia saa ya kurudi. Lazima awepo mtu kama huyo kila safari, na ajue nani wa kumwita mkichelewa. Jifuteni na mbadilishe nguo, lakini msidhani taulo ni kinga ya kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini, hasa penye maji yaliyotuama na majani, na vinaweza kupenya ngozi ndani ya dakika chache. Kama mmeogelea mahali pa namna hiyo, andikeni tarehe, na baada ya miezi miwili au mitatu nendeni mkapime hata kama hamjisikii kuumwa, kwa sababu dawa ya prazikwanteli ipo na hutibu. Tarehe hiyo mimi huiandika kwenye daftari lile lile ninaloandikia rangi ya maji niliyoikuta asubuhi, jina la aliyenipa habari za juu, na saa tuliyotoka.