Niliacha mayai, LDL ikabaki karibu palepale: kilichoishusha baadaye kutoka 4.7 hadi 3.5

Ndugu uliyeuliza, nimesoma maelezo yako mara mbili. Una miaka 42, LDL yako, yaani kolesteroli iitwayo mbaya kwa kuwa ikizidi hujikusanya kwenye mishipa ya damu, ni 4.6, daktari amekupa miezi mitatu ya kurekebisha ulaji kabla ya kuzungumzia dawa, umeshaacha mayai, na sasa kuna mtu amekushauri unywe maji ya limau na kitunguu saumu kila asubuhi kabla ya kutia kitu kingine tumboni, nawe unauliza kama yatasaidia. Nami nilianzia papo hapo ulipo, nikapoteza miezi mitatu ya kwanza kwa kosa ambalo naliona katika maelezo yako, ndiyo maana nimeamua kukujibu kwa urefu. Mimi si daktari. Ninayoeleza ni yaliyonikuta mwenyewe pamoja na niliyofafanuliwa na walionihudumia.

Kipimo changu cha kwanza kilionyesha kolesteroli yote 6.8, LDL 4.7, HDL (ile iitwayo kolesteroli nzuri) 1.1 na trigliseridi (aina nyingine ya mafuta ya kwenye damu) 2.1, zote kwa milimoli kwa lita. (Anayepewa majibu kwa miligramu kwa desilita azidishe namba zangu za kolesteroli kwa 38.7 ili alinganishe na zake, 4.7 yangu ni kama 182.) Sikuwa nikiumwa popote, kwani kolesteroli iliyozidi haina maumivu wala homa. Nilitoka pale na neno moja tu kichwani, kolesteroli, nikaanza kulisaka ndani ya chakula. Kiini kimoja cha yai kina karibu miligramu 200 za kolesteroli, basi yai likawa adui wangu wa kwanza, likifuatiwa na maini na kamba. Badala yake, asubuhi nikawa nakula mkate mweupe uliopakwa siagi na bilauri kubwa ya juisi ya matunda, huku nikijiona mtu mwenye nidhamu ya hali ya juu.

Miezi mitatu baadaye LDL ilikuwa 4.4, HDL 1.0, na trigliseridi zilikuwa zimepanda hadi 2.7. Nilikaribia kuamini kwamba maabara imechanganya damu yangu na ya mtu mwingine.

Mtaalamu wa lishe niliyepelekwa kwake hakushangaa hata kidogo. Alinieleza kwamba sehemu kubwa ya kolesteroli iliyo mwilini haitoki mezani bali hutengenezwa na mwili wenyewe, ini likiwa fundi mkuu, na kwamba kwa watu wengi tukila nyingi ini hupunguza kidogo inayotengeneza. Ini hilohilo ndilo linaloiondoa LDL kwenye damu, kwa kutumia vipokezi vilivyo juu ya seli zake, ambavyo huinasa LDL inapopita na kuiingiza ndani. Michael Brown na Joseph Goldstein, waliogundua utaratibu huo, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Mafuta yaliyoshiba, yaani yale ambayo mengi yake huganda yakipoa, hupunguza kazi ya vipokezi hivyo, kwa hiyo LDL hubaki ikizunguka kwenye damu muda mrefu zaidi. Kwa maneno mengine, siagi niliyokuwa naipaka kwa utulivu kila asubuhi ilikuwa na lawama kubwa kuliko yai nililolifukuza. Na zile trigliseridi? Juisi na mkate mweupe, kwa sababu sukari na wanga vikizidi, ini huvigeuza kuwa mafuta.

Kisha akanipa kazi ambayo nakuomba uifanye leo kabla ya kubadilisha chochote. Aliniambia nipike kama kawaida, ila mafuta niyamimine kwanza kwenye bakuli, kwa kiasi kilekile ambacho mkono umezoea, halafu niyachote kwa kijiko cha chakula nikihesabu. Nilikuwa na uhakika kwamba ni vijiko viwili. Nilihesabu vitano, kwa chungu kimoja cha mboga ya watu wawili. Na mafuta yenyewe yalikuwa ya nazi, niliyoyachagua kwa sababu chupa iliandikwa kwa herufi kubwa kwamba hayana kolesteroli. Maandishi hayo ni ya kweli na hayana maana yoyote, kwa kuwa mafuta yote ya mimea hayana kolesteroli ya kutajika. La kuangalia ni mafuta yaliyoshiba: ya nazi yana zaidi ya asilimia 80, ya mawese karibu nusu, ya alizeti kama asilimia 10, na ya zeituni kama 14. Kijiko kimoja cha mafuta ya nazi kina takribani gramu 11 za mafuta yaliyoshiba, hivyo sehemu yangu ya chungu kile ilinipa gramu 27 au 28 katika mlo mmoja. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu anayekula kalori 2,000 ni kama gramu 22. Mimi nilikuwa nimeshapitiliza hata kabla ya kuhesabu siagi.

Nilihamia mafuta ya alizeti, nikamimina kwa kijiko na si kwa macho, siagi nikaiacha, na nyama nikaanza kuikata mafuta kabla ya kuipika. Biskuti na vitafunwa vya kukaangwa nilianza kuvisoma kwenye orodha ya viambato: ukiona mafuta ya mimea yaliyogandishwa kiasi kwa haidrojeni, rudisha pakiti mahali pake, kwani mafuta ya aina hiyo, yanayoitwa mafuta ya transi, hupandisha LDL na papo hapo kushusha HDL.

Upande wa pili wa kazi ulikuwa kuongeza, si kupunguza, na hapa ndipo watu wengi hawafiki. Ini hutumia kolesteroli kutengeneza nyongo. Nyongo hiyo ikishafanya kazi ya kusaga mafuta tumboni, sehemu yake kubwa hufyonzwa tena na kurudi kwenye ini. Nyuzinyuzi zinazoyeyuka, zile zinazoufanya uji wa oti uwe na utelezi, huinasa nyongo na kutoka nayo chooni, hivyo ini hulazimika kutengeneza nyingine, na malighafi yake inachukuliwa kutoka kwenye damu. Kiasi kinachotajwa kwa nyuzinyuzi za oti na shayiri ni gramu 3 kwa siku, ambazo unazipata kwenye gramu 75 hivi za oti kavu. Mimi nilikuwa nakula bakuli moja asubuhi, na mchana au jioni maharage, dengu au kunde, kila siku bila kuruka, pamoja na tunda zima badala ya juisi yake. Nikutahadharishe kuhusu gesi. Wiki mbili za kwanza nilikuwa naepuka kukaa karibu na watu, mpaka nilipojifunza kuanza na robo kikombe cha maharage, kuyaloweka usiku kucha na kumwaga maji yake kabla ya kuyachemsha. Tumbo lilizoea.

Kahawa nayo ilinishangaza. Nilikuwa nachemsha unga wa kahawa ndani ya sufuria na kunywa vikombe vinne kwa siku. Kahawa isiyochujwa ina mafuta yanayoitwa kafestoli, ambayo hupandisha LDL, lakini yakipita kwenye karatasi ya kuchujia hubaki humo. Sikuacha kahawa, nilinunua karatasi.

Kuhusu mazoezi nitasema ukweli ambao haupendezi: kutembea kwa kasi dakika 30, siku tano kwa wiki, hakuishushi LDL kwa kiasi kikubwa. Faida yake ipo zaidi kwenye trigliseridi, HDL, shinikizo la damu na uzito, na mimi nilipungua kilo sita. Pombe hupandisha trigliseridi, na sigara ni hatari kwa mishipa hata kama namba zako zote ni nzuri.

Baada ya miezi mitatu ya mpango huo wa pili, kolesteroli yote ilikuwa 5.4, LDL 3.5, HDL 1.2 na trigliseridi 1.5. Siku hizi mayai nakula manne kwa wiki, na namba hazijarudi juu. Sasa nirudi kwenye limau na kitunguu saumu. Kitunguu saumu, hata kikisaidia, msaada wake ni mdogo, na limau halisafishi mishipa. Vitumie kwenye chakula kwa ladha yake, lakini usiviweke mahali pa mambo niliyoyataja hapo juu.

Mdogo wangu alifuata mpango uleule, tena kwa bidii kunishinda. LDL yake ilianza 6.4 ikashuka hadi 5.6 tu, na daktari akaona kwamba tatizo ni la kurithi, hali inayompata karibu mtu mmoja kati ya 250, ambapo ini haliwezi kuiondoa LDL inavyotakiwa toka utotoni. Yeye anatumia statini, dawa za kushusha kolesteroli, na anaendelea na oti, kwa sababu dawa na chakula havipingani. Alijilaumu kwa muda mrefu bila kosa lolote.

Kwa hiyo kabla hujaanza kuhesabu vijiko, tafuta majibu ya mambo matatu ambayo hukuyaandika: HDL na trigliseridi zako ni ngapi, je, kuna mzazi, kaka au dada yako aliyepata shambulio la moyo kabla ya miaka 55 kwa mwanamume au 65 kwa mwanamke, na je, umepimwa tezi ya shingo (thairoidi), maana ikifanya kazi chini ya kiwango nayo hupandisha LDL. Ukiyapata, yaandike hapa, na daktari wako pia umweleze lile la ukoo hata kama hakukuuliza.