Barua pepe ya ofisi iliingia kwenye mradi wangu wa usiku

Juzi msomaji mmoja ameniandikia: anatumia kompyuta moja kwa kazi ya ofisi na kwa miradi yake mwenyewe, je, anunue ya pili? Swali hilo limenitonesha kidonda.

Niliwahi kukesha miezi minane nikijenga programu yangu. Siku ya kuacha kazi, mwajiri akafungua mbele yangu historia ya mradi kwenye Git, programu inayotunza kumbukumbu ya kila badiliko la msimbo. Kila komiti (badiliko lililohifadhiwa), ya kwanza hadi ya mwisho, ilikuwa na anwani ya barua pepe ya ofisi. Nikaeleza kwamba nilifanya usiku, kwa kompyuta yangu. Wapi! Nilichoandika mwenyewe ndicho kilichonishitaki. Mradi ukabaki kwao, na bado inaniuma.

Chanzo kilikuwa amri moja. Siku ya kwanza kazini niliweka anwani ya ofisi kwenye user.email kwa --global, yaani kwa miradi yote ya kompyuta hiyo, na Git ikaitumia anwani hiyo kila mahali. Nilikuwa na funguo mbili za SSH, nikajiona salama. Kumbe ufunguo hukufungulia seva tu; haugusi anwani inayoandikwa ndani ya komiti.

Kwa hiyo ndugu yangu, usinunue kompyuta. Miradi ya ofisi iwe na folda yake, na yako iwe na yake. Kisha kwenye ~/.gitconfig, faili la mipangilio ya Git, andika:

[includeIf "gitdir:~/kazi/"]
    path = ~/.gitconfig-kazi

Faili hilo la pili, ambalo Git italisoma ndani ya folda ya kazi tu, ndilo libebe anwani ya ofisi. Ile alama ya / baada ya kazi usiisahau, maana bila hiyo folda za ndani hazishikwi. Njia hii ipo tangu toleo 2.13 la mwaka 2017. Folda yako ifanyie vivyo hivyo, ufute anwani ya jumla, uweke user.useConfigOnly kuwa true. Hapo Git itakataa komiti isiyo na anwani uliyoiweka mwenyewe. Na mkataba wako wa kazi usome, vijana wengi hatusomi.

Msiseme mtarekebisha baadaye! Anwani huingia kwenye hesabu ya heshi, namba ya utambulisho inayokokotolewa kutokana na yaliyomo kwenye komiti, hivyo ukiibadilisha, komiti hiyo na zote zilizoifuata hupata heshi mpya, na nakala za wenzako hazilingani tena na yako. Ingia leo kwenye kila mradi wako, andika amri hii ikuonyeshe anwani zilizomo kwenye komiti:

git log --format='%ae' | sort -u

Ukikuta anwani ya ofisi na mradi hujamgawia mtu, usilale kabla hujaiondoa.