"Maeneo machache" sio "hakuna": maswali yenu ya mvua wiki hii

Haya jamani, simu imejaa na nusu ya maswali ni lilelile. Kwa aliyekosa utabiri: Kanda ya Ziwa mvua za hapa na pale mpaka katikati ya wiki, sehemu nyingine na radi, halafu kuanzia Alhamisi zinapungua na jua linashika. Mwisho wa Mei huu, masika inaaga, hamna ajabu.

Leo mvua itanyesha?

Wapi? Saa ngapi? Wewe ni wa tisa tangu asubuhi na hakuna hata mmoja aliyetaja alipo.

Naanika dagaa Igombe. Juzi walisema mvua nyepesi maeneo machache, nikaamini nikamwaga ndoo zote mchangani, saa nne ikanyesha. Dada yangu yuko Kirumba hakuona hata tone. Kwanini wanatudanganya?

Pole sana mama. Hiyo kitu nishaiona kwa macho yangu, wingu moja tu jeusi limetoka ziwani, kina mama wanakimbia na mafagio na maturubai, wengine wanakusanya kwa kanga, dakika kumi tu imekwisha na jua likarudi kama vile halijafanya kitu. Dagaa waliokuwa wanameta wamekuwa uji uji, na yule mnunuzi aliyekuwa anabembeleza bei asubuhi sasa anauliza kama kuna wa kulisha kuku.

Ila mama, hawajakudanganya. Maeneo machache maana yake mvua ipo, sema haitafika kwa kila mtu, na juzi ilifika kwako. Mtu wa hali ya hewa anaongelea mkoa mzima wa Mwanza, mkoa ambao zaidi ya nusu yake ni maji, hawezi kukwambia Igombe ndio na Kirumba hapana. Sisi tukisikia "machache" tunasikia "hakuna", ikitunyeshea tunatukana TMA, yaani mamlaka ya hali ya hewa, isiponyesha hatukumbuki hata kama walisema. Mpaka Alhamisi anika kidogo kidogo na turubai liwe pembeni, sio nyumbani. Na kama unaweza piga kichanja, dagaa wa juu wanapitiwa na upepo chini na juu wanakauka haraka, hawali mchanga, na wingu likija unafunika pale pale. Najua mbao ni hela, lakini ndoo ngapi umeshapoteza msimu huu?

Mkuu, mimi na wenzangu tunavuka na mtumbwi kwenda visiwani, mvua za usiku zinatusumbua sana, mchana kweupe kabisa. Ni nini?

Hili ndio swali sasa. Usiku nchi kavu inapoa haraka, maji yanabaki na joto lake, kwahiyo upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani, na kwa sababu ziwa limezungukwa pande zote zile pepo zinakutana huko katikati, hewa inapanda juu, wingu linajengeka, na ngurumo zinapiga kuanzia usiku mkubwa mpaka alfajiri. Mchana inageuka, upepo unatoka ziwani na mawingu yanajengeka nchi kavu. Ndio maana unaondoka jioni anga safi, saa tisa usiku unalia. Halafu upepo wa juu unasukuma mengi kwenda magharibi, waulize Bukoba, wanapata mvua karibu mara mbili ya sisi wa Mwanza.

Kwahiyo ukiona radi kule mbele usijipe moyo kwamba iko mbali, geuka. Na msije mkaniambia kiangazi kikiingia basi mko salama maana hata Juni mpaka Agosti ule upepo wa kusini mashariki unachafua maji na hakuna wingu hata moja. Hapa nitasema hata kama hujauliza: MV Bukoba ilizama 21 Mei 1996, MV Nyerere 20 Septemba 2018 pale Ukara, na kote huko tulichokuja kuongelea ni kujaza watu. Laifu jaketi mnazikalia kama mito ya sofa. Vaeni.

Nimetumiwa voisi kwamba kimbunga kinakuja Ziwa Victoria, tuhame?

Hapana. Vimbunga vile vinazaliwa baharini, na hapa tuko jirani mno na ikweta. Hidaya ya Mei 2024 ilipiga Pwani huko, sio Mwanza. Aliyekutumia mwambie akutajie na chanzo, atanyamaza.

Niko Misungwi, mahindi yamekauka shambani, nivune sasa au nisubiri jua?

Kama yamekauka kweli vuna, ukisubiri mchwa na ng'ombe wa jirani hawasubiri. Ila usiyarundike mabichi ndani kwa kuogopa manyunyu, hapo ndio unatengeneza sumukuvu, ile sumu ya ukungu, na 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa hiyo. Tandika turubai, usianike kwenye udongo mtupu. Kupima, chukua chupa kavu, weka mahindi na chumvi kavu kidogo, tikisa: chumvi ikiganda kwenye chupa bado, rudisha juani.

Harusi yetu Jumatano Buzuruga, tukodi tenti?

Umeandika Jumatano na unaniuliza. Kodi.

Mvua zikikata mbu nao wanaisha eti?

Nani kakwambia? Mvua kubwa inasomba mayai, hizi za rasharasha zikifuatiwa na jua ndio zinaacha madimbwi yametulia na maji ya uvuguvugu, mbu anataka nini tena. Mwezi mmoja au miwili baada ya mvua ndio zahanati zinajaa malaria. Mwaga lile tairi la nyuma ya nyumba, na chandarua ukishushe, sio kufugia vifaranga.

Nipo Mabatini, nyumba yangu iko karibu na Mto Mirongo, huku hakunyeshi lakini maji yanapanda, inakuwaje?

Inanyesha milimani huko juu, maji yanakuja kwako na takataka zenu wote mlizotupa mtoni. Usiku ukisikia ngurumo upande wa milima, watoto wasilale chumba cha chini.

Kwahiyo Alhamisi naweza kufua mapazia?

Fua Ijumaa.