Maswali ya Wasomaji: Kipepeo Aliyekauka Mbawa Zimefumba

SWALI: Nimeletewa kipepeo mkubwa wa msituni kwenye karatasi iliyokunjwa pembetatu. Mbawa zimefumba, mwili mkavu kama kijiti. Je, ndiye antimachus wanayemtafuta wakusanyaji? Nitamfunguaje bila kumvunja? (Msomaji, Kisangani)

JIBU: Chukua rula. Dume la Papilio antimachus akitandazwa hufika sm 18 hadi 23 kutoka ncha hadi ncha. Mbawa zake za mbele ni ndefu na nyembamba, rangi ya chungwa yenye ukahawia na weusi. Jike ni mdogo zaidi, na ni adimu kwa wakusanyaji: madume hushuka kunywa kwenye matope ya mito na barabara, jike hubaki juu vileleni.

Akiwa mkavu usimguse. Tafuta kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, tia mchanga safi wenye unyevu, kina cha sm 2, na matone machache ya Dettol kuzuia ukungu. Juu ya mchanga weka kisosi, kipepeo akae humo asiguse maji. Chini ya mfuniko bandika karatasi ya chooni, maana mvuke hugeuka tone, tone likidondoka kwenye ubawa huacha doa lisilotoka.

Mpe siku 2 au 3, ukimkagua kila siku. Shika kifua kwa kibano, usukume ubawa polepole: ukirudi wenyewe kwa nguvu, bado. Kwa mdudu mnene hivi mara nyingi mbawa hukaidi hata baada ya hapo, kwa kuwa misuli ya kifua imeganda. Chukua bomba la sindano, piga kiasi kidogo cha maji ya moto kifuani, karibu na shina la mbawa, subiri dakika chache.

Pini ya wadudu namba 3 ipite wima katikati ya kifua, ibaki sm 1 juu. Ubao wa kutandazia mbawa uwe na mfereji wa kuzamisha mwili, na kila upande uwe na upana wa sm 12 au zaidi. Mbao nyingi za dukani ni finyu kwake. Ile foma nyeupe inayofungiwa friji mpya inafaa sana. Vuta ubawa wa mbele kwa ncha ya pini iliyowekwa nyuma ya mshipa mnene wa ukingoni, kamwe si kwenye utando, utachanika. Acha kuvuta ukingo wake wa nyuma unapofanya pembe mraba na mwili. Funika kwa vipande vya karatasi laini, pini ziwe nje ya ubawa. Mwache akauke wiki 3, masika zaidi. Ukimtoa mapema, mbawa zitainama.

SWALI: Tumbo la kipepeo wangu linatoa mafuta, na chini yake naona unga. (Msomaji, Kampala)

JIBU: Mafuta: mloweshe mzima kwenye asetoni kwa siku moja, mkaushe kivulini. Unga ni kinyesi cha vibuu wanaomla kwa ndani. Mfunge kwenye mfuko, friza nyuzi 20 chini ya sifuri, wiki moja. Naftalini hufukuza tu, haiwamalizi walio ndani. Na lebo yake usiipoteze: mahali, tarehe, aliyemkamata. Bila hiyo ni pambo la ukutani.

SWALI: Naweza kumkamata antimachus Bwindi? (Msomaji, Kabale)

JIBU: Yumo, lakini ile ni hifadhi ya taifa. Bila kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, wavu uache nyumbani.