Diski ya pili imeanguka katikati ya kujenga upya

Swali: Nina seva nyumbani, Chumbageni, Tanga: diski 4 za TB 4 kila moja, RAID 5 (diski zilizounganishwa ziwe kama moja, zikivumilia kufa kwa moja tu) inayoendeshwa na programu ya mdadm kwenye Linux. Ndimo zilimo video zote za harusi nilizopiga. Diski moja ilikufa, nikaweka mpya. Ilipofika asilimia 60 ya kujenga upya, diski nyingine ikatolewa na mdadm, kila kitu kikasimama. Fundi anataka kuiunda RAID upya kwa `--create`. Nimruhusu?

Jibu: Usimruhusu, ndugu yetu, na seva izimwe sasa hivi. Mpangilio wa diski ukikosewa kidogo tu, amri hiyo huanza kuandika hesabu mpya juu ya video zako. Video hizo kwa sasa bado zipo.

Pariti, yaani hesabu ya akiba ambayo RAID 5 huiandika pamoja na data, ni kama jumla ya mizani. Viroba vitatu vya machungwa ya Muheza vina jumla ya kilo 125. Kimoja kikipotea, utakijua uzito wake kwa kutoa. Vikipotea viwili, hesabu imekwama. Wewe una diski mbili nzima, kwa hiyo ile ya tatu iliyotolewa lazima isomeke.

Isome afya yake kwa `smartctl -a /dev/sdc` (tuseme hiyo iliyotolewa ni sdc, nzima ni sdb na sdd, mpya ni sde). Kama namba 199 (makosa ya mawasiliano) imepanda huku 5 (sekta zilizohamishwa) na 197 (sekta zinazosubiri) ni sifuri, ushuku kwanza waya wa SATA, unaounganisha diski na kompyuta. Hewa ya chumvi hapa pwani hula miguu yake. Badilisha waya. Kama 197 ina idadi, zipo sekta zisizosomeka, na kila saa diski hiyo inapozunguka unazidi kupoteza.

Inakili nzima kwa `ddrescue`, programu ya kunakili diski mbovu. Ile mpya iliyojengwa nusu inafaa kupokea nakala, kwani haina kitu usichoweza kukihesabu tena, ilimradi isiwe ndogo kuliko ya zamani. Hakikisha herufi za diski kwa `lsblk -o NAME,SIZE,SERIAL`, maana chanzo hutangulia, na ukigeuza umefuta:

`ddrescue -f -n /dev/sdc /dev/sde ramani`
`ddrescue -f -d -r3 /dev/sdc /dev/sde ramani`

Faili la ramani, linaloweka kumbukumbu ya palipokwisha kunakiliwa, likae kwenye diski nyingine kabisa. Umeme ukikatika, kazi huendelea pale ilipoishia. Diski nzima ya TB 4 kwa MB 150 kwa sekunde huchukua saa 7 na nusu hivi. Diski mgonjwa inaweza kuchukua siku kadhaa, kwa hiyo weka UPS na feni.

Kisha chomoa kabisa ile mbovu, halafu:

`mdadm --stop /dev/md0`
`mdadm --assemble --force /dev/md0 /dev/sdb1 /dev/sdd1 /dev/sde1`

Kama mfumo wa mafaili ni ext4, fungua kwa `mount -o ro,noload` (kusoma tu) na uhamishe video kwanza. Diski ya nne iongeze baadaye, kwa `--add`.

Ya pili huenda ilianguka kwa sababu kujenga upya husoma kila sekta, hata za mafaili ambayo hayajafunguliwa miaka. Kagua kila mwezi: `echo check > /sys/block/md0/md/sync_action`.

Swali: Nikiwa na pariti, bado nahitaji nakala ya pembeni? (Msomaji, Makorora)

Jibu: Ndiyo. Faili ulilolifuta hufutika na kwenye pariti papo hapo. SnapRAID, programu nyingine ya pariti, hukupa mwanya, kwa kuwa pariti yake hubadilika ukiamuru `sync`. Kabla ya hapo, `snapraid fix -m` hurudisha yaliyopotea.