Maswali ya Wasomaji: Je, manowari Illustrious ilipata kufika Kilindini?

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu babu yangu alikuwa kibarua bandarini Kilindini wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na alizoea kutusimulia kuhusu meli moja ya Waingereza iliyokuwa na uwanja wa ndege mgongoni. Nimesoma kwamba mojawapo ya manowari zao za kubeba ndege, Illustrious, ilipigwa mabomu na Wajerumani hata ikadhaniwa kuwa imekwisha. Je, yawezekana ndiyo aliyoiona babu? Na kama ilipigwa kiasi hicho, ilinusurika vipi?

JIBU: Ndugu msomaji, Illustrious ilifika Kilindini, na kwa miezi kadhaa bandari hiyo ilikuwa kituo chake. Hata hivyo nitaanza na swali lako la pili, kwa kuwa ndilo linaloonyesha meli hiyo ilikuwa ya namna gani.

Ilijengwa Barrow-in-Furness, Uingereza, ikaanza kazi Mei 1940. Wakati ambapo manowari za kubeba ndege za Marekani na Japani zilikuwa na sitaha za mbao, wasanifu wa Uingereza walitambua kwamba meli hii ingelazimika kupigana karibu na nchi kavu, mahali ambapo ndege za adui zingeifikia kwa urahisi, wakaifunika sehemu kubwa ya sitaha yake kwa chuma cha pua chenye unene wa milimita 76. Chuma hicho kilikuwa kizito mno kuwekwa juu kiasi kile, kwa hiyo banda la ndege lililo chini yake lilipunguzwa, na meli ikabaki na nafasi ya ndege 36 tu, takriban nusu ya zile zilizokusudiwa kwa Ark Royal, manowari ya Waingereza ya kubeba ndege iliyoitangulia.

Uchache huo haukuizuia kufanya makubwa. Usiku wa tarehe 11 Novemba 1940, ndege zake 21 aina ya Swordfish, zenye mabawa ya ghorofa mbili yaliyofunikwa kwa kitambaa, ziliruka kwa makundi mawili kuzishambulia manowari za Italia zilizotia nanga katika bandari ya Taranto. Manowari kubwa tatu zilipigwa kwa topido, yaani makombora yanayokwenda chini ya maji, na mojawapo, Conte di Cavour, haikurudi tena vitani. Ndege mbili tu ndizo zilizoangushwa. Basi Wajerumani walipoleta kikosi chao cha anga kisiwani Sicily, hapakuwa na meli waliyoitafuta kuliko hii.

Waliipata tarehe 10 Januari 1941, baada ya saa sita za mchana, ilipokuwa ikisindikiza msafara wa meli za mizigo magharibi ya Malta. Kwanza zilitokea ndege mbili za topido za Italia, zikiruka chini karibu na maji, na ndege za ulinzi za Illustrious zikateremka kuzifukuza. Kabla hazijaweza kupanda tena, ndege za Wajerumani za kudondosha mabomu aina ya Stuka zilijitupa kutoka juu, moja baada ya nyingine. Lifti ya nyuma ilikuwa ikipandisha ndege ya ulinzi aina ya Fulmar bomu lilipoiangukia. Na kwa kuwa lifti hazikuwa na chuma kile kinene, moto ukapata njia ya kuingia bandani. Bomu jingine lilitoboa sitaha yenyewe. Wala si ajabu, kwa maana sitaha ilisanifiwa kuhimili bomu la kilo 227, ilhali mengine yaliyodondoshwa siku hiyo yalikuwa ya kilo 500. Usukani ulikwama, meli ikawa inazunguka pale pale mpaka mabaharia walipoanza kuiongoza kwa injini, wakiongeza nguvu upande huu na kuipunguza upande ule. Kwa namna hiyo iliingia bandari ya Malta usiku ule ule, ikiwa na maiti na majeruhi ndani yake. Watu 126 walipoteza maisha.

Watu wengi husema ni chuma kilichoiokoa, nami sibishi, kwa sababu bila chuma hicho mabomu mengi zaidi yangepasukia tumboni. Lakini naona si haki kuwasahau watu wa vyumba vya injini, ambao waliendelea kuchochea mvuke katika joto na moshi uliokuwa ukivutwa kutoka kwenye moto wa juu, bila kujua kama watatoka. Injini zingezimika, meli hiyo isingefika popote.

Wajerumani waliifuata hata huko Malta na kuishambulia ikiwa gatini, huku mafundi wakiziba matundu. Tarehe 23 Januari iliponyoka usiku kwenda Alexandria, kisha ikapitia Mfereji wa Suez na kuzunguka Afrika hadi Norfolk, Marekani, ilikotengenezwa kwa miezi kadhaa.

Ndipo ilipokuja upande wetu. Mwezi Aprili 1942 Wajapani waliishambulia Ceylon (Sri Lanka ya leo) na kuizamisha manowari ya kubeba ndege Hermes, na Waingereza wakahamishia Kilindini sehemu kubwa ya meli zao za Bahari ya Hindi. Tarehe 5 Mei, Illustrious pamoja na Indomitable zilikinga majeshi yaliyoteremka Diego Suarez, Madagaska, ili Wajapani wasiipate bandari hiyo iliyokuwa mikononi mwa serikali ya Ufaransa ya Vichy, iliyoshirikiana na Wajerumani. Ndege za Swordfish zilizamisha humo nyambizi Bévéziers. Septemba ilirudi Madagaska, safari hii Majunga.

Baada ya hapo ilipigana Salerno, Italia, mwaka 1943, kisha katika Indonesia ya leo: Sabang na Surabaya mwaka 1944, na Palembang Januari 1945. Tarehe 6 Aprili 1945, rubani wa Kijapani wa kujitoa mhanga aliikosa kidogo tu, lakini bomu lake lililipuka majini kando yake na kuuharibu mwili wa meli, ikabidi irejeshwe Uingereza. Ilikatwa vyuma chakavu mwaka 1956.

Sasa kuhusu babu yako. Katikati ya mwaka 1942 Kilindini ilitumiwa pia na Formidable, ambayo ilijengwa kwa ramani ile ile, na mtu wa gatini asingeweza kuzitofautisha kwa macho. Formidable iliondoka Bahari ya Hindi mwishoni mwa Agosti, na Illustrious ikabaki hadi Januari 1943. Kwa hiyo jaribu kukumbuka kama alitaja msimu au mwezi: kama aliiona meli hiyo wakati wa vuli, mwishoni mwa mwaka 1942, basi ilikuwa Illustrious.